Kahawa ya Amin na Wanunuzi Wake

Katikati ya Julai 1975 sakitu ilishuka juu ya mashamba ya jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili. Mibuni iliyolala ikiwa ya kijani iliamka imeungua, myeusi, na mamilioni ya miti ikafa ndani ya siku chache. Brazili ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, hivyo wanunuzi wa New York na London hawakungoja mavuno ya mwaka uliofuata ndipo waanze kuhaha. Ratili moja ya kahawa, iliyokuwa chini ya dola moja kabla ya baridi ile, ilivuka dola tatu kufikia Aprili 1977.

Uganda haikupigwa na sakitu. Mibuni ya Masaka na Mengo iliendelea kuzaa, na mwenye nchi wakati huo alikuwa Idi Amin. Pamba ilikuwa imeanguka, mgodi wa shaba wa Kilembe ulikuwa unakufa, mashamba ya chai yalikuwa yanarudi kuwa pori. Utawala ulioua uchumi wake kwa mikono yake ulikuwa ukielekea kufilisika. Baridi ya Brazili ikaukomboa. Kufikia 1977 kahawa peke yake ilikuwa inaleta zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za Uganda, na mteja mkubwa kuliko wote, aliyenunua karibu theluthi moja ya kahawa hiyo, alikuwa Marekani. Baada yake walifuata Waingereza na nchi nyingine za Ulaya Magharibi. Naandika juu ya mataifa yenye mabunge, magazeti huru na uchaguzi. Mataifa ambayo viongozi wao walikuwa tayari wamemlaani Amin hadharani.

Ili kuelewa walivyofika hapo, turudi nyuma miaka michache.

Amin alipompindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, akibishana na Waziri Mkuu wa Uingereza, Edward Heath, kuhusu mpango wa Waingereza kuiuzia silaha Afrika Kusini ya makaburu. Karibu miezi tisa kabla, siku ya Mei Mosi 1970, Obote alikuwa ametangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni zaidi ya 80: mabenki, bima, viwanda, mashamba. Mengi yalikuwa mali ya Waingereza. Kwa hiyo habari za mapinduzi zilipofika London hazikupokewa kwa huzuni. Haikupita hata wiki mbili, Uingereza ikaitambua serikali mpya. Mwezi Julai mwaka huo Amin alikuwa London, amekaribishwa chakula na Malkia, akizungumza na Heath na kutaka auziwe silaha. Amin naye alikuwa amelegeza mpango wa Obote wa kutaifisha. Wakati karamu hizo zinaendelea, askari wa Kiacholi na Kilangi walikuwa wakichinjwa kambini kwa mamia. Habari hizo zilikuwa zinavuja. Hazikuwa na uzito wa kumzuia mgeni mlangoni.

Rais Julius Nyerere wa Tanzania alikataa tangu siku ya kwanza kumtambua Amin. Alimpa Obote hifadhi Dar es Salaam, akakataa kuketi meza moja na Amin katika vikao vya wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na msimamo huo ni miongoni mwa mambo yaliyoiponza Jumuiya hata ikavunjika mwaka 1977. Tanzania nayo ilikuwa nchi ya chama kimoja, yenye watu waliowekwa kizuizini bila kesi, na ni haki kulisema hilo. Lakini katika suala hili la Amin ilikubali kupata hasara tangu mwanzo, na hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ionekane.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Watu wapatao 50,000 waliacha maduka, viwanda na makaburi ya wazee wao. Zaidi ya nusu wakaenda Uingereza. Mnamo Desemba akataifisha makampuni na mashamba ya Waingereza. Mwaka huo ndipo London ilipokasirika kwa dhati na kukata misaada. Mwezi Septemba mwaka huohuo wa 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikokotwa kutoka ofisini mwake katika Mahakama Kuu asionekane tena. Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alitoweka mwezi uliofuata. Mauaji hayo yalilaaniwa, lakini kilichobadilisha sera kilikuwa ni mashamba ya chai na wakimbizi wenye pasipoti za Uingereza. Mtu anaweza kusema kila serikali hutetea kwanza raia wake na mali zao. Ni kweli. Basi na isemwe hivyo, badala ya kuvishwa joho la haki za binadamu.

Marekani ilifunga ubalozi wake Kampala mwishoni mwa 1973. Bendera ilishushwa, wanadiplomasia wakaondoka, biashara ikabaki. Kampuni za Marekani zilimuuzia Amin ndege, zikiwemo ile ya kifahari aliyoitumia mwenyewe na nyingine kubwa ya mizigo. Marubani wa polisi ya Uganda walifundishwa kurusha helikopta huko Texas. Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi Julai 1976, baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa Entebbe mateka wa ndege iliyotekwa nyara, na mateka mmoja mzee, Dora Bloch, kuchukuliwa hospitalini Mulago na kuuawa. Lakini ndege za mizigo kutoka uwanja wa Stansted, karibu na London, ziliendelea kwenda Entebbe zikibeba wiski, sigara, redio, saa na vitu vingine vya anasa. Mizigo hiyo ilikuwa ya wanajeshi. Kwa nini jeshi la nchi maskini lihitaji shehena za wiski? Kwa sababu hivyo ndivyo Amin alivyolishika.

Fundo lenyewe lipo hapa, na linastahili kufunguliwa polepole.

Mkulima wa Masaka hakuwa anauza kahawa yake kwa Mmarekani. Kwa mujibu wa sheria alipaswa kuiuza kwa Bodi ya Kahawa, kwa bei ya shilingi iliyopangwa na serikali. Bodi ilikusanya buni, ikaisafisha na kuipanga kwa madaraja katika kiwanda chake cha Bugolobi, Kampala, kisha ikaisafirisha kwa reli na malori hadi Mombasa, na baadaye nyingine kwa ndege. Dola zilizolipwa ziliingia Benki Kuu. Mkulima alilipwa kwa shilingi ambayo thamani yake ilikuwa inayeyuka kila mwezi, na mara nyingi akapewa hati ya kuahidiwa malipo badala ya pesa taslimu. Bei ya dunia ilipopanda karibu mara tano, yake haikupanda kwa kiasi hicho wala kukaribia. Tofauti iliyobaki ndiyo iliyolipia wiski ya Stansted, mishahara na magari ya wapelelezi wa State Research Bureau pale Nakasero, na petroli ya magari yaliyokuja usiku kuchukua watu. Watu walitiwa ndani ya buti za magari mchana kweupe, wapita njia wakiangalia pembeni. Makadirio ya waliouawa katika miaka minane ile huanzia 80,000 na kufika 300,000.

Wakulima walilijua hilo kabla ya mbunge yeyote wa Washington. Jibu lao lilikuwa magendo. Kahawa ilivushwa Ziwa Viktoria kwa mitumbwi usiku, ikapandishwa miteremko ya Mlima Elgon kwa punda na kwa vichwa vya watu, ikaingia Kenya. Kisoko cha Chepkube, mpakani upande wa Bungoma, kiligeuka mji wa fedha karibu kwa usiku mmoja. Wapo wazee wa Magharibi ya Kenya ambao hadi leo huhesabu miaka kwa kuitaja Chepkube. Amin akatangaza kuwapiga risasi wafanya magendo na kupeleka boti za doria ziwani. Watu walikufa majini wakiwa na magunia ya kahawa yao wenyewe, waliyoipanda na kuichuma kwa mikono yao. Nikisoma hoja iliyotolewa baadaye Washington, kwamba kumwekea Amin vikwazo kungemwumiza mkulima mdogo, huwawazia watu hao wa mitumbwini.

Tarehe 20 Januari 1977 Jimmy Carter aliapishwa kuwa rais wa Marekani, na katika hotuba yake aliahidi kuzipa haki za binadamu nafasi ya juu katika sera za nje. Hazikupita wiki nne, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Carter alisema matendo ya Amin yameuchukiza ulimwengu wote uliostaarabika. Amin akajibu kwa kuwazuia Wamarekani wapatao mia mbili waliokuwa Uganda wasiondoke, wengi wao wamisionari, kisha baada ya siku kadhaa za wasiwasi akawaachia. Mnamo Mei waziri wake wa afya, Henry Kyemba, alikimbilia Uingereza, na mwaka huohuo akatoa kitabu kilichoeleza aliyoyaona kwa majina na tarehe. Tangu hapo hapakuwa na mtu London wala Washington aliyeweza kudai hajui.

Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola waliokutana London waliilaani Uganda. Mwezi huohuo Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, iliyokuwa imefungwa na Uganda kwa Mkataba wa Lomé wa 1975, ilitoa tamko la kutaka misaada yake isitumike kuimarisha ukandamizaji. Misaada ilipunguzwa na kucheleweshwa, kahawa haikuguswa. Mwaka huo wa laana, 1977, ndio uliokuwa mwaka wa neema kuliko yote kwa hazina ya Amin. Wamarekani peke yao walinunua kahawa ya Uganda yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 200.

Mtu aliyeivalia njuga habari hii alikuwa mbunge kutoka Ohio, Don Pease, ambaye kabla ya siasa alikuwa mhariri wa gazeti la mji mdogo. Hakuwa na cheo kikubwa bungeni. Alichofanya ni kusoma takwimu za forodha na kuzitaja mbele za watu: ni nani ananunua, kiasi gani, na fedha inaishia wapi. Katika Seneti aliungwa mkono na Lowell Weicker wa Connecticut na Mark Hatfield wa Oregon. Wakimbizi wa Uganda walitoa ushahidi, na makanisa yaliyomjua Luwum yakapaza sauti. Wanunuzi wakubwa walikuwa ni majina yaliyo jikoni kwa kila Mmarekani: Folgers ya Procter & Gamble, Maxwell House ya General Foods, Nestlé na wengineo. Robusta ya Uganda ilikuwa inachanganywa katika kahawa ya bei nafuu na ile ya unga inayoyeyuka papo hapo, kwa hiyo mnywaji hakuweza kuiona kwenye kopo.

Kampuni hizo zilipoulizwa zilisema zinachukizwa na mauaji, lakini kuamua nchi ipi ifanyiwe biashara ni kazi ya serikali. Serikali ilipoulizwa, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema inachukizwa na mauaji, lakini kuvunja biashara kwa sababu za kisiasa kunakwenda kinyume na kanuni za biashara huria ambazo Marekani yenyewe ilizipigania. Tena mkulima ataumia, Wamarekani walioko Uganda watahatarishwa, na kama sisi hatununui, mwingine atanunua. Hizi zilikuwa hoja za watu wenye akili, na mojawapo, ile ya usalama wa wamisionari, ilikuwa nzito. Lakini zikiwekwa pamoja zilizaa mduara usio na mlango: mfanyabiashara anamtazama waziri, waziri anamtazama mfanyabiashara, na hundi inaendelea kwenda Kampala. Udikteta wa Amin ulikuwa na wauaji wa kutosha; kilichokuwa adimu kwake ni dola, na dola zilitoka mikononi mwa watu ambao kila mmoja alikuwa na sababu njema ya kutojiona mhusika.

Mei 1978, shinikizo lilipozidi, Procter & Gamble ilitangaza kwamba Folgers haitanunua tena kahawa ya Uganda. Nyingine zikafuata. Mwezi uliofuata Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kumlaani Amin bila kura hata moja ya kupinga.

Mwezi huohuo wa Mei, upande wa pili wa maziwa makuu, waasi waliotokea Angola waliuteka mji wa Kolwezi katika mkoa wa Shaba, Zaire. Mobutu Sese Seko alikuwa ametawala tangu 1965, bila upinzani, na hazina ya taifa ilikuwa kama mfuko wake. Tarehe 19 Mei makomando wa Kifaransa walirushwa kwa miavuli juu ya Kolwezi, Wabelgiji wakafuata, na ndege za Marekani zikawabeba watu na shehena. Kulikuwa na raia wa Ulaya waliokuwa wakiuawa mjini mle, na kuwaokoa kulikuwa haki. Kulikuwa pia na hofu ya Wakuba na Warusi. Lakini chini ya Kolwezi kulikuwa na shaba, na kulikuwa na kobalti, ambayo zaidi ya nusu yake duniani ilitoka Zaire, na bila kobalti hutengenezi injini za ndege za kivita. Waasi walipoondolewa, Mobutu aliachwa kwenye kiti chake. Alikaa miaka 19 zaidi. Wakazi wa Shaba waliobaki pale na jeshi lake hawakuitiwa kikao chochote cha bunge la kigeni.

Kahawa ya Uganda, tofauti na kobalti ya Zaire, ilikuwa kama asilimia sita tu ya kahawa iliyoingia Marekani. Tena kufikia katikati ya 1978 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu nusu ya kilele cha mwaka uliotangulia, kwa kuwa mashamba yalikuwa yanapona na ghala zilikuwa zinajaa. Kuikataa robusta ya Masaka hakukupandisha bei ya kikombe kimoja mjini Chicago. Simaanishi kwamba Pease na wenzake hawakuwa wakweli. Naamini walikuwa wakweli, na kazi yao ilikuwa ya heshima. Nasema kwamba dhamiri yao ilipata mlango wazi kwa sababu upande wa pili hapakuwa na kitu kizito cha kupoteza, na kwamba kwa Kolwezi mlango wa namna hiyo haukuwepo kabisa.

Hata hivyo Carter bado hakutaka sheria ya kupiga marufuku biashara na Uganda. Wabunge walipata njia kwa kuifunga kwenye muswada mwingine ambao yeye aliuhitaji sana, wa kuidhinisha mchango wa Marekani katika mfuko mpya wa mikopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Angekataa marufuku ya Uganda, angepoteza na mfuko huo. Alitia saini tarehe 10 Oktoba 1978. Bidhaa za Uganda zilipigwa marufuku kuingia Marekani, na bidhaa za Marekani kwenda Uganda, isipokuwa nafaka na vyakula.

Siku 20 baadaye, tarehe 30 Oktoba, majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo la kaskazini ya mto Kagera. Yaliiba ng'ombe, yakachoma nyumba, yakabaka, yakaua raia. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Tarehe 2 Novemba Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba sababu, nia na uwezo wa kupigana vipo. Vita vilivyofuata vilimalizika, kwa upande wa Kampala, tarehe 11 Aprili 1979.

Je, marufuku ya kahawa ilichangia? Wapo wanaosema iliunyima utawala fedha za kulipia petroli na za kulinunua jeshi, kwamba maasi ya kambini mwaka 1978 yalitokana na kukauka huko, na kwamba uvamizi wa Kagera ulikuwa njia ya kuwatafutia askari kazi nyingine. Pengine. Tarehe ziko karibu mno kwa sheria yenyewe kuwa imefanya kazi hiyo. Bei iliyoshuka na hatua za wanunuzi tangu Mei zina nafasi kubwa zaidi kuliko saini ya Oktoba. Jambo lisilo na shaka ni nani aliyemwondoa. Walimwondoa askari wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, kwa gharama inayokadiriwa kuwa dola milioni 500, katika nchi ambayo nayo ilikuwa inaishi kwa kahawa, katani na korosho. Nyerere aliomba nchi tajiri zisaidie kubeba mzigo. Alichopata kilikuwa kidogo, na miaka iliyofuata ya foleni za sabuni na sukari Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba ilitokana kwa sehemu na vita hivyo.

Marekani iliondoa marufuku Mei 1979, kahawa ikaanza kununuliwa tena.

Hoja za Pease zilirudi bungeni mle mara nyingi miaka ya themanini, safari hii juu ya Afrika Kusini, ambako fedha za Wamarekani hazikuwa za kahawa. Rais Ronald Reagan alitumia maneno yaleyale ya Wizara ya Mambo ya Nje ya 1978: vikwazo vitamwumiza Mwafrika mdogo, biashara ndiyo itakayolainisha. Oktoba 1986 Bunge lilimshinda kwa kura na kupitisha sheria ya vikwazo dhidi ya utawala wa makaburu. Makaa ya mawe yalipigwa marufuku, na urani, chuma, nguo, mazao ya shambani. Ndani ya sheria hiyohiyo kiliwekwa kifungu kinachomruhusu rais kuyaachia madini ambayo Marekani haikuweza kuyapata vya kutosha kwingine, na mapema mwaka 1987 orodha yake ilitolewa: kromi, manganizi, platini, vanadi, kobalti.